Shafti Isiyogusa Chuma

Mwaka 1946, katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, Jesse Beams na wenzake walikuwa wakizungusha mipira ya chuma hadi ipasuke. Mipira yenyewe ilikuwa midogo kuliko punje ya ulezi. Kipenyo chake hakikufika milimita 1. Mpira uliwekwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ukaning'inia hapo kati bila uzi wala pini, umeshikwa na sumaku ya umeme iliyokuwa juu yake tu. Kisha uga wa sumaku unaozunguka ukaanza kuuendesha, na kasi ikapanda mpaka ikapita mizunguko 300,000 kwa sekunde moja. Ngozi ya mpira ilikuwa ikikimbia karibu kilomita 1 kwa sekunde, karibu mara tatu ya kasi ya sauti. Chuma kikifika hapo hakiwezi tena kujishika. Mpira ulipasuka.

Kilichomaliza kila jaribio kilikuwa ukomo wa chuma chenyewe. Fundi yeyote aliyewahi kubadilisha beringi ya gurudumu au ya pampu ataona uzito wa jambo hilo, maana kwa kawaida beringi ndiyo hutangulia kufa. Huanza kulia, ikapata joto, shafti ikaanza kucheza, na siku mashine inaposimama beringi huwa imeshaharibu vilivyo jirani nayo. Katika maabara ya Beams beringi haikuwa na cha kuharibika, kwa sababu haikuguswa na kitu. Ili kuona jinsi jambo hilo lilivyowezekana, inafaa kurudi nyuma kidogo, kwenye tundu moja la oili.

Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alipewa kazi na chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza: apime msuguano katika beringi za aina iliyotumika kwenye mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Mashine ilipozunguka, oili ilipanda tunduni ikamwagika. Akaziba kwa kizibo kama cha chupa, kikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji ya shinikizo, sindano ilipanda hadi zaidi ya mara mbili ya wastani wa shinikizo ambalo mzigo ulipaswa kuleta. Shafti, kumbe, haikuwa imelalia chuma. Ilikuwa ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na mzunguko wake wenyewe ndio uliouvuta utando huo chini yake. Osborne Reynolds aliandika hesabu za jambo hilo mwaka 1886, na wahandisi wangali wanazitumia.

Kuelea, basi, si jambo geni kwa shafti. Jenereta na tabo nyingi kubwa duniani zinaelea juu ya oili hadi leo, na zinaelea vizuri. Lakini oili ina gharama zake: matangi, pampu, mapoza, vichujio, na sili za kuizuia isitoroke kuingia kwenye gesi au mvuke. Mahali penye joto kali oili huwaka. Mahali pasipo na hewa huchemka. Na juu ya yote, utando ule ule unaobeba shafti unaweza kuigeukia. Katikati ya miaka ya 1920 Burt Newkirk na wenzake wa kampuni ya General Electric walikuta shafti zinazotapatapa kwa nguvu ndani ya beringi zilizokuwa nzima kabisa. Walipochunguza waligundua kwamba oili yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiisukuma shafti kando kwa kuizungusha ndani ya nafasi yake. Kwa mashine iliyotakiwa kukimbia mbio zaidi, habari hiyo haikuwa njema.

Kwa nini, basi, isitumike sumaku? Wazo ni la zamani, na jibu lililolizuia ni la zamani pia. Mwaka 1842 yalichapishwa maandiko ya Samuel Earnshaw, kasisi na mwanahisabati wa Kiingereza aliyezaliwa Sheffield. Hakuwa akifikiria mashine hata kidogo. Alikuwa akihangaika na maswali ya etha, kile kitu ambacho wanafizikia wa karne ile waliamini kuwa kimejaza ulimwengu na kubeba mwanga. Katika hesabu zake alionyesha kwamba chembe zinazovutana au kusukumana kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa umbali haziwezi kukaa mahali kwa utulivu. Ukizizuia zisiondoke upande huu, zitaondokea upande ule. Sumaku za kudumu zinafuata sheria hiyo hiyo. Unaweza kuzipanga upendavyo, mbili, kumi au mia, hazitakishika kipande kingine cha sumaku hewani bila kitu cha kukiegemea.

Yeyote aliyewahi kujaribu kuielekeza sumaku moja ikae juu ya nyingine anajua jinsi inavyoponyoka na kujigeuza. Ni kana kwamba Earnshaw yuko chumbani.

Mianya ilikuwapo. Mwaka 1939 Mjerumani Werner Braunbek alionyesha kwamba vitu vinavyosukumwa kidogo na sumaku, kama bismathi na grafaiti, haviguswi na katazo lile, naye akaelesha vipande vidogo vya vitu hivyo. Lakini nguvu ile ni hafifu mno. Haiwezi kubeba rota ya kiwanda. Mwanya mkubwa ulikuwa mahali pengine, tena wazi kabisa: Earnshaw alizungumzia nguvu zisizobadilishwa na mtu. Hakusema lolote kuhusu sumaku inayotazama, ikaamua, ikabadilisha mvuto wake kabla kitu hakijaponyoka.

Mama anayetoka mtoni na mtungi wa maji kichwani, mikono yote miwili ikining'inia, hashikilii kitu. Lakini shingo yake inafanya kazi bila kukoma, na mtu anayemtazama kwa mbali haoni kazi hiyo. Anaona mtungi uliotulia. Sumaku ya umeme inahitaji shingo kama hiyo. Mvuto wake kwa kipande cha chuma huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme na hupungua kwa mraba wa nafasi iliyopo kati yao. Chuma kikisogea karibu kidogo, kinavutwa zaidi, hivyo kinasogea zaidi, mwisho kinang'ang'ania sumaku. Kikisogea mbali kidogo, mvuto unapungua nacho kinaanguka. Panatakiwa kihisi cha kupima nafasi, kifaa cha kuamua, na cha kupunguza au kuongeza umeme ndani ya koili upesi kuliko chuma kinavyoweza kukimbia.

Miaka ya 1930 valvu za elektroniki zilikuwa zimefika hatua hiyo. Nchini Ujerumani Hermann Kemper alipata hataza mwaka 1934 kwa wazo la gari la reli linaloelea kwa sumaku, na kabla ya vita vya pili vya dunia alikuwa ameshaonyesha mtambo uliobeba kilo 210 bila kugusa kitu. Treni ya Shanghai, iliyoanza kubeba abiria kwa nauli mwaka 2004, inafuata kanuni ya Kemper, nayo kwa kweli ni beringi ya sumaku iliyonyooshwa kwa urefu wa kilomita 30. Upande wa pili wa bahari, pale Virginia, Frederick Holmes alichapisha mwaka 1937 namna yake ya kuning'iniza shafti ndogo kwa sumaku inayojirekebisha. Beams akaidaka. Yeye alitaka mashinepewa, zile mashine zinazotenganisha vitu vizito na vyepesi kwa kuvizungusha, na alijua adui yake mkubwa ni msuguano.

Vita vilimpa kazi nyingine. Katika mradi wa siri wa bomu la atomiki la Marekani, Beams aliongoza jaribio la kutenganisha aina mbili za urani kwa mashinepewa za gesi. Mashine ndefu zile zilisumbua, na kabla ya vita kwisha mradi ukazitupa na kufuata njia ya kupenyeza gesi kwenye vichujio. Amani iliporudi, alirudi kwenye vipira vyake. Ndani ya ombwe zuri, msuguano ulikuwa mdogo kiasi kwamba kilichopunguza kasi ya mpira kilikuwa mabaki machache ya molekuli za hewa. Beams na wanafunzi wake waligeuza jambo hilo kuwa kipimo: ukijua mpira unapunguza kasi kiasi gani, unajua hewa kiasi gani imebaki. Vipimo vya ombwe vya namna hiyo vingali vinauzwa.

Kutoka kwenye kipira hadi rota ya tani kadhaa ni safari ndefu, na sehemu yake muhimu ilipita mji mdogo wa Vernon, kwenye mto Seine, Ufaransa. Baada ya vita serikali ya Ufaransa iliweka huko maabara ya makombora na kuwachukua wahandisi kadhaa wa Kijerumani. Mmoja wao alikuwa Helmut Habermann. Kazi yake juu ya beringi za sumaku ilizaa kampuni ya S2M, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa lengo la kuziuza kwa viwanda. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Leybold ya Ujerumani ilitoa pampu ya ombwe ambayo rota yake ilielea kwa sumaku. Hizo pampu hazina jina kubwa kwa watu, lakini viwanda vya chipu za kompyuta haviwezi kuishi bila pampu za aina hiyo: tone moja la oili ndani ya chemba huharibu kazi nzima.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya mabomba ya gesi ya NOVA, mkoani Alberta, Kanada, ikafunga beringi za sumaku kwenye kompresa ya bomba. Hapo ndipo wahandisi wa gesi walipoanza kusikiliza. Kompresa isiyo na oili haihitaji matangi wala mapoza, na inaweza kuachwa peke yake nyikani wakati wa theluji. Uholanzi, kwenye uwanja mkubwa wa gesi wa Groningen, zikafuata kompresa za megawati 23. Mwezi Juni 1988 watafiti walikutana Zurich kwa kongamano la kwanza la kimataifa la beringi za sumaku, likiandaliwa katika chuo cha ETH alikofundisha Gerhard Schweitzer, na tangu hapo wamekuwa wakikutana kila baada ya miaka michache.

Beringi yenyewe ukiifungua inafanana na mota ya umeme. Kuna duara la chuma lililokatwa meno kwa ndani, na kila jino limezungushiwa koili. Shafti inapita katikati, nafasi ya kuizunguka ikiwa karibu nusu milimita. Koili zimepangwa kwa jozi zinazokabiliana, kwa sababu sumaku ya aina hii inajua kuvuta tu, haijui kusukuma. Ya kulia huvuta, ya kushoto huvuta, na shafti hukaa katikati ya ubishi wao. Mashine ya kawaida ina beringi mbili za pembeni na moja ya kuzuia shafti isiteleze mbele na nyuma, jumla ya mielekeo mitano inayotunzwa kwa wakati mmoja. Vihisi hupima, kompyuta huhesabu mara maelfu mengi kwa sekunde, transista hufungua na kufunga umeme. Uwezo wake wa kubeba kwa kila sentimita ya mraba ni mdogo kuliko wa oili, maana chuma kina kikomo cha usumaku kinaoweza kuupokea. Kwa hiyo beringi ya sumaku huwa kubwa, na ndani ya mashine nafasi ni mali.

Lakini ugumu haumo kwenye chuma na koili. Ugumu uko katika kuamua: kihisi kikisema shafti imehama maikromita 20 kwenda kulia, umeme uongezwe wapi, kiasi gani?

Jibu la kwanza lilitoka baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi aliyezaliwa Urusi na kuhamia Marekani, alichapisha hesabu za usukani wa meli unaojiendesha. Alikuwa amewatazama washika usukani wazuri, akaona kwamba hawageuzi usukani kwa kutazama tu meli imepotoka kiasi gani. Wanatazama pia inavyoendelea kupotoka kwa kasi gani, na wanakumbuka upotovu mdogo ambao umekuwa ukirudi tangu asubuhi. Kosa la sasa, mwelekeo wa kosa na kumbukumbu ya makosa: mambo hayo matatu yakijumlishwa kwa vipimo vyake ndiyo kidhibiti kinachoendesha viwanda vingi duniani, na ndicho kilichoshika beringi za sumaku tangu mwanzo. Kinafanya kazi kwa upole. Udhaifu wake ni kwamba vipimo vyake hupangwa kwa hali fulani. Shafti ikihama mbali na katikati, ule mraba wa nafasi hubadilisha tabia ya sumaku, na mpangilio uliokuwa mzuri huwa mbovu.

Jibu la pili nalo lilipitia kwenye usukani wa meli, na historia yake inastahili kusimuliwa kwa kirefu kuliko inavyosimuliwa kwa kawaida.

Wahandisi wengi wa miaka ya 1930 hawakuwa na vikuzaji vya umeme vya kutosha. Walichokuwa nacho ni rilei, swichi inayowashwa na umeme: iko wazi au imefungwa, haina katikati. Nchini Urusi ya Kisovieti V. Kulebakin alieleza mwaka 1932 namna ya kudhibiti jenereta ya ndege kwa rilei, na mwaka 1934 G. Nikolsky akaandika kuhusu kuiweka meli kwenye mkondo wake kwa usukani unaotupwa upande mmoja wote au upande mwingine wote. Kwa mtu anayejua bahari, jambo hili lina mfano wa karibu zaidi kuliko usukani. Nahodha wa jahazi anayerudi Lamu upepo ukimjia usoni hawezi kuelekeza omo bandarini. Hubisha. Huenda upande huu kwa muda, akageuza tanga, akaenda upande ule, akageuza tena. Hakuna mkondo hata mmoja kati ya hiyo miwili unaoelekea bandarini, na chombo kinafika bandarini.

Hicho ndicho alichokiona Stanislav Emelyanov mjini Moscow mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa lugha ya hesabu. Alichukua mifumo miwili ambayo kila mmoja peke yake haukuwa na utulivu, akaonyesha kwamba ukibadilishana kati yao kwa wakati unaofaa, kile kinachotokea kimetulia. Kijana aliyefanya kazi naye, Vadim Utkin, aliyezaliwa mwaka 1937, akaichukua hoja hiyo na kuifuata maisha yake yote. Hesabu zilihitaji msingi, kwa sababu kanuni za kawaida za kalkulasi hukwama mahali ambapo nguvu inaruka ghafla kutoka upande hadi upande. Msingi huo uliwekwa na mwanahisabati Aleksei Filippov mwaka 1960.

Kanuni yenyewe inaweza kuchorwa mchangani. Chora msitari wa kupima shafti imehama kiasi gani kutoka katikati, na mwingine wa kuukata, wa kupima inahama kwa kasi gani. Hali ya shafti kila wakati ni nukta moja kwenye mchoro huo, na pale misitari inapokatana ni utulivu. Sasa pitisha msitari wa tatu, wa mshazari, kupitia hapo hapo. Agizo ni moja: nukta ikiwa upande huu wa mshazari, koili ya kulia ivute kwa nguvu zote, ikiwa upande ule, koili ya kushoto ivute kwa nguvu zote. Nukta inasukumwa hadi kwenye mshazari, inauvuka, inarudishwa, inauvuka tena, na kadiri swichi inavyokuwa nyepesi ndivyo mavuko yanavyozidi kuwa madogo, mpaka nukta inaonekana kama inateleza juu ya msitari kuelekea katikati. Huu ndio udhibiti wa mtelezo.

Uzuri wake uko hapa. Nukta ikishaanza kuteleza, mwendo wake unafuata mshazari ambao mhandisi aliuchora. Uzito wa shafti, ukali wa sumaku, mzigo uliobadilika ghafla kwa sababu gesi imeongezeka: vyote hivyo vinapotenda pale pale sumaku inapotenda, na visipozidi nguvu ya sumaku, vinapoteza sauti. Mhandisi hahitaji kuvijua barabara. Anahitaji kujua ukubwa wa juu kabisa vinaoweza kufikia. Kwa mtu anayetaka kutunza kitu chenye tabia inayobadilika kwa mraba wa nafasi, ahadi hiyo ni kubwa.

Dunia ya magharibi ilichelewa kuisikia, ingawa si kwamba ilikuwa imelala. Mjerumani Irmgard Flügge-Lotz alianza kuchunguza udhibiti wa kuwasha na kuzima wakati wa vita, akahamia Stanford, akachapisha kitabu chake juu ya udhibiti huo mwaka 1953. Alikuja kuwa profesa wa kwanza mwanamke katika uhandisi chuoni hapo, na kazi yake haitajwi inavyostahili. Huko Urusi, Emelyanov, Utkin na wenzao walipewa Tuzo ya Lenin mwaka 1972. Mlango ulifunguka mwaka 1977, Utkin alipochapisha muhtasari wa kazi ya Moscow kwa Kiingereza katika jarida la Marekani la udhibiti. Mwezi Machi 1990 watafiti wa nyanja hii walifanya warsha yao ya kwanza ya kimataifa mjini Sarajevo, miaka miwili kabla ya mji huo kuzingirwa. Mwaka 1994 Utkin mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio.

Kukutana kwa habari hizi mbili, shafti inayoelea na swichi isiyo na katikati, kulikuwa kumeshaanza wakati huo. Mwaka 1991 Alok Sinha na wenzake walitoa hesabu za kushika rota ngumu kwa beringi za sumaku zinazofuata kanuni ya mtelezo. Mwaka 1993 Dan Cho, Yoshifumi Kato na Darin Spilman waliweka kidhibiti cha mtelezo na vile vya kawaida kwenye mtambo mmoja wa kuelesha kwa sumaku, wakavilinganisha. Japani, katika Chuo Kikuu cha Chiba, Kenzo Nonami alikuwa akivijaribu kwenye shafti zinazopinda. Mwaka 1996 A. Rundell, Sergey Drakunov na Raymond DeCarlo walichapisha kazi yao kuhusu shafti ya wima, ambamo kanuni ya mtelezo haikutumika kushika shafti tu, bali pia kukisia yale ambayo vihisi havikuyapima. Utkin alikuwa na hoja nzito ya kuunga mkono juhudi hizo zote: umeme wa koili tayari unakatwa na kuunganishwa na transista, maelfu ya mara kwa sekunde. Mashine ina swichi ndani yake. Kwa nini uandike kanuni laini, kisha uikatekate ili swichi iielewe, wakati ipo kanuni iliyozaliwa ikiwa swichi?

Hoja ni nzuri. Shafti halisi, hata hivyo, ina yake ya kusema.

Swichi ya kwenye karatasi hubadilika papo hapo. Swichi ya kweli huchelewa kidogo, kihisi huchelewa kidogo, umeme ndani ya koili hukataa kuruka ghafla. Hivyo nukta haitelezi juu ya msitari. Inauvuka, inapitiliza, inarudishwa kwa nguvu zote, inapitiliza tena. Kwa Kiingereza tabia hiyo imepewa jina la meno yanayogongana kwa baridi. Katika mota ya kawaida hiyo ni kero na kelele. Katika shafti ndefu na nyembamba ya kompresa ni hatari, kwa sababu shafti kama hiyo ni kama uzi wa gitaa: ina midundo yake ya asili, na kugongagonga huko kwa haraka huweza kuiamsha.

Kwa miaka 40 iliyopita watafiti wamekuwa wakitafuta namna ya kutuliza meno hayo bila kupoteza ule ukaidi mbele ya mizigo isiyojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jean-Jacques Slotine alipendekeza kupanua msitari uwe ukanda. Ndani ya ukanda, nguvu ibadilike polepole. Meno hutulia, lakini shafti haifiki tena katikati hasa, inaishia karibu. Njia ya werevu zaidi ilianzia Moscow tena, kwa Emelyanov na kijana aitwaye Levantovsky, ambaye baadaye alihamia Israeli na kuandika kwa jina la Arie Levant. Katika maandishi yake ya mwaka 1993 Levant alieleza namna ya kusogeza mruko nyuma hatua moja: swichi isiamuru nguvu, iamuru mwendo wa nguvu kubadilika. Nguvu inayofika kwenye shafti inakuwa laini, na ukaidi unabaki. Tasnifu nyingi za leo kuhusu beringi za sumaku zinazotumia mtelezo zinatumia wazo la Levant au jamaa yake.

Pamoja na hayo, ukiingia kwenye kituo cha gesi na kufungua kabati la kidhibiti, yaelekea utakuta mjukuu wa Minorsky. Sababu si ujinga wa viwanda. Mnunuzi wa kompresa hutaka ushahidi kwamba mashine ina akiba ya utulivu, na tangu mwaka 2006 kiwango cha kimataifa cha ISO 14839, sehemu ya tatu, kimeeleza jinsi ya kupima akiba hiyo: unatikisa mfumo kwa midundo mbalimbali, unapima jibu lake, unasoma kilele. Kipimo hicho kimejengwa juu ya nadharia ya mifumo laini. Kidhibiti kinachoruka upande hadi upande hakina jibu moja la kutoa. Jibu lake hutegemea umekitikisa kwa nguvu kiasi gani. Si kwamba kimeshindwa mtihani. Mtihani haukuandikwa kwa lugha yake, na hadi utakapoandikwa, watu wanaolipia bima hawatakuwa na haraka. Hilo ni pengo la kweli, tena linazibika, na ingefaa juhudi inayomwagwa kwenye hesabu mpya ielekezwe kwa sehemu kwenye vipimo.

Wakati huo huo beringi zenyewe zinazidi kwenda mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. Mwezi Septemba 2015, kwenye uwanja wa gesi wa Åsgard nje ya pwani ya Norway, zilianza kazi kompresa za megawati 11.5 zilizokaa chini kabisa baharini, karibu mita 300 chini ya maji, shafti zao zikielea kwa sumaku. Pampu ya moyo ya HeartMate 3, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka huo huo, ina rota inayoelea ndani ya damu ya mgonjwa. Afrika Kusini ilikuwa na ndoto yake: michoro ya awali ya mradi wa kinu cha nyuklia cha PBMR ilitegemea beringi za sumaku ili oili isikaribie heliamu ya kinu. Serikali ilikata fedha mwaka 2010. China iliendelea na kinu cha jamaa hiyo, na vipulizia heliamu vyake vinaelea kwa sumaku.

Ndani ya karibu kila mojawapo ya mashine kubwa hizo kuna kitu ambacho picha za matangazo hazionyeshi. Pembeni ya beringi ya sumaku, kwenye ncha zote mbili za shafti, imefungwa beringi ya kawaida ya gololi. Nafasi kati yake na shafti ni karibu nusu ya nafasi iliyopo kwenye sumaku, ili siku umeme ukikatika au kidhibiti kikipotea, shafti iangukie gololi kabla haijagonga koili. Mashine inapokuwa nzima, gololi hizo hazizunguki hata mara moja. Zinapodakia rota inayokimbia maelfu ya mizunguko kwa dakika, hulazimika kupata kasi hiyo yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na baada ya kudakia mara chache tu hutolewa na kuwekwa mpya. Kabla mashine haijakabidhiwa, wahandisi wa kiwandani huweza kuijaribu kwa makusudi: huizungusha hadi kasi yake kamili, kisha mtu mmoja huzima sumaku, na wote hukaa kimya wakisikiliza shafti inavyotua.